Nani Alikula Kyambuli

Watu wa Mulesera wakikuambia kwamba mume wangu alikula kartiye nzima, mtaa na nyumba zake, usibishane nao. Waulize tu aliipika na nini. Mimi niliwauliza hivyo miaka na miaka, sokoni, bombani, hata kwenye matanga ya watu, na hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Naitwa Nasiba. Nauza vitenge katika soko dogo la Bulengera, hapa Butembo, na mume wangu Shafii alikuwa shefu wa mwisho wa kartiye ya Kyambuli. Nasema wa mwisho kwa sababu Kyambuli haipo tena. Nyumba zipo, msikiti upo, matope yapo kuliko zamani, lakini katika karatasi za komini, ofisi ya serikali ya hapa, sisi sote ni watu wa Mulesera, kartiye ya ng'ambo ya kijito. Wakati wa Zaïre tulikuwa tunapiga kura peke yetu na kutuma mshauri wetu kwenye baraza. Baba mkwe wangu alipenda kusimulia jinsi mshauri yule alivyokaa kikao chake cha kwanza chote akiwa amevaa koti la mvua, jua linawaka, kwa kuwa hakuwa na koti lingine. Hakusema neno lolote kikaoni, lakini alikuwa wetu.

Sasa, ukiuliza Kyambuli ilipotelea wapi, utaambiwa Shafii aliiuza kwa shefu wa Mulesera, akalipwa pikipiki. Pikipiki ilikuwepo, sikatai. Ilikuja mwaka uleule kartiye ilipofutwa, na Shafii akaanza kubeba kakao kutoka Kamango. Ila pikipiki ile niliinunua mimi, kwa vitenge vyangu, na aliyeniuzia yuko hai mpaka leo. Nani alitaka kusikia hayo? Lisemwalo lipo, alikuwa akisema Sadrack, mwenye hoteli ya chai na maharage pale njia panda, na kwa Sadrack ndiko Kyambuli yote ilikuwa inakwenda kupiga domo.

Uvumi ulifika hadi Beni. Binti yetu Asma alipoolewa huko, shangazi wa bwana harusi alinivuta pembeni, mbele ya masufuria ya pilau, akaniuliza kwa upole kama ni kweli baba wa bibi harusi aliuza watu. Shafii alisikia. Hakukasirika. Alirudi nyumbani, akaegesha pikipiki, akampa mdogo wake aiendeshe, na tangu siku ile hakutoka tena nje ya ua wetu isipokuwa kwenda msikitini, na huko alikuwa anaswali karibu na mlango ili awe wa kwanza kuondoka.

Wanawake wenzangu wananielewa. Mume anayeshinda nyumbani si mume, ni kiti. Ananifuata jikoni kuniambia sufuria inachemka. Naijua sufuria inachemka, mimi ndiye niliyeiweka motoni. Anahesabu kuku. Ananiuliza kwa nini nimefua shuka ile kabla ya hii. Na huyu ni mtu ambaye zamani hakuweza kuvuka barabara bila kusimama mara kumi kuwasalimia watu. Niliumia sana kumwona vile. Nilitaka jina lake lirudi, naye atoke nje, kwa faida yake na kwa faida ya jiko langu.

Jambo baya zaidi ni kwamba nilijua ukweli. Alinieleza mwenyewe, kisha akaniapisha. Niliapa kwa Mungu, na Mungu anajua jinsi nilivyojuta.

Ukweli ni huu. Kwetu mpaka si ukuta. Mpaka ni muramura, mti wa majani marefu unaopandwa mbele ya wazee, na popote ulipopandwa hapo ndipo pa mwisho. Kuung'oa ni aibu kubwa. Mwizi wa kuku husamehewa kuku akishaliwa, lakini aliyehamisha muramura anatozwa mbuzi, kisha anasemwa yeye, watoto wake na wajukuu wake. Kyambuli ilikuwa imezungukwa na miramura tangu siku za babu zetu.

Shafii alipokuwa shefu alipenda sana salongo, ile kazi ya pamoja ya samedi, yaani Jumamosi, asubuhi, ya kuzibua mifereji na kufagia njia. Aliipenda kupita kiasi, hata mimi nilimwambia. Asiyekuja alitozwa faini. Ng'ambo, shefu wa Mulesera samedi alikuwa amelala, na watu wake walikuwa wamelala. Basi mtu mmoja wa pembeni mwa Kyambuli akang'oa muramura uliokuwa mbele ya nyumba yake akaupanda nyuma ya nyumba yake. Salongo ilipofika akasema, samahani, mimi niko Mulesera. Jirani yake, ambaye sasa ndiye aliyekuwa pembeni, akaona, akafanya hivyohivyo. Halafu jirani wa jirani. Mpaka wetu ukawa unatembea, polepole, kila msimu wa mvua, wakati udongo ni laini. Shafii aliuona ukitembea, akajitia hamnazo. Watu wa serikali walipokuja kuhesabu, wakakuta Kyambuli ni nyumba yetu, msikiti, na familia chache ambazo hazikuwa na jembe. Wakasema kartiye gani hii, wakaifuta.

Mungu naye ana mizaha yake. Shefu wa Mulesera alipoona amepata watu wote wale bila jasho, akaamka usingizini. Akaanzisha salongo samedi na tena mercredi, katikati ya wiki. Bombani, wake zake na shangazi zake walichota kwanza, sisi tukachota tope. Hapo ndipo watu wa Kyambuli walipoanza kuililia kartiye yao, na kwa kuwa hakuna anayependa kujililia mwenyewe, wakamtafuta wa kumsema. Shafii alikuwepo, na pikipiki ilikuwepo.

Mwaka huu ndipo ilipoletwa habari kwamba washauri wa komini watapigiwa kura tena. Kukawa na mtumishi mmoja wa serikali, anaitwa Valentin, mtu wa Kikwit aliyetumwa huku, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa katika mji wenye vumbi kama huu wetu. Alitangaza kwamba kartiye iliyofutwa inaweza kuomba kurudi. Ilete historia yake, ionyeshe mipaka yake kwa macho, ieleze na namna ilivyopotea. Vinginevyo kura zake zitahesabiwa ndani ya kartiye iliyoimeza.

Uwaone watu wa Kyambuli. Walioikimbia kwa jembe sasa walikuwa wanaiimbia. Sadrack aliunda kamati hotelini kwake, akajipa uenyekiti, na historia wakampa mwalimu Gustave aiandike. Gustave ni mtu wa Kananga, anafundisha shule ya hapa, Kifaransa chake kinavaa tai. Alikaa kwa Sadrack akisikiliza kila mtu, akanywa chai ya kila mtu, na kila mtu akamweleza jambo lilelile: Kyambuli ilikuwa kubwa, ilikuwa safi, ilikuwa na miembe, kisha Shafii akaiuza. Gustave aliongeza kwa hiari yake kurasa kadhaa juu ya Warumi, kwa sababu alisema historia bila Warumi haina miguu.

Kwa haki, alikuja na kwetu. Alimwuliza Shafii anasemaje juu ya mashtaka hayo. Shafii alimtilia chai, akamwambia kwamba alikuwa shefu na kartiye ikapotea mikononi mwake, basi. Gustave akaniangalia mimi. Nikaingia jikoni, nikauma kanga yangu kwa meno, nikakaa kimya kama maji mtungini. Gustave alipoondoka nilimwambia Shafii kwamba uungwana wake utaniua, na kwamba kaburini nitamlalamikia kwa malaika. Aliniambia chumvi imepungua kwenye mboga ya sombe.

Siku ya kuamkia ziara ya Valentin, Sadrack aliitisha salongo. Walikuja wote, hata wale ambao salongo ndiyo ilikuwa imewafukuza. Kazi ilikuwa moja tu, kila mtu aurudishe muramura wake mahali pake. Lakini kurudisha kitu unachokataa kwamba ulikihamisha ni kazi ngumu. Hakuna aliyeweza kuuliza, "Wangu ulikuwa wapi?" Basi kila mmoja akakisia, na katika kukisia akajipendelea. Aliyepanga kurudisha mpaka hatua moja alirudisha tatu. Wengine walivuka kijito. Mmoja aliupanda wake katikati ya bustani ya kabeji ya mtu wa Mulesera, na mwenye kabeji alipotoka na panga alielezwa kwamba hiyo ni historia.

Valentin alifika asubuhi na kitabu chake chini ya kwapa. Tulimzunguka wote, wanawake mbele, kwa sababu wanawake wa Kyambuli hawasimuliwi. Sadrack alimwongoza hadi muramura wa kwanza. Majani yalikuwa yamelegea, udongo chini bado umelowa. Valentin aliuliza mti huu ni wa lini. Sadrack akajibu kwamba ni wa kabla ya Wabeleji. Valentin aliinama, akaushika kwa vidole viwili, na mti wa kabla ya Wabeleji ukatoka wote na mizizi yake, ukaning'inia mkononi mwake.

Hakuna aliyecheka, ila mimi, na nilicheka mpaka nikashika mbavu. Alikwenda kwenye wa pili, ukatoka. Wa tatu hakuugusa, ulianguka wenyewe. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha habari zake. Alisimama njia panda, akafuta mikono, akauliza kwa utaratibu kama kuna mtu yeyote katika Kyambuli anayejua miti hii ilikuwa inasimama wapi kwa kweli. Watu wote, bila kupanga, wakageuka wakaangalia mlango wangu.

Shafii aliitwa. Alikuja na kandambili, kofia yake kichwani, akamsalimia mgeni kwa mikono miwili. Valentin alimwomba aonyeshe. Nikaona macho ya mume wangu yakipita kwenye nyumba moja moja, nyuma ya kila jiko, kwenye kila mahali ambapo udongo ulikuwa umebonyea. Alijua kila shimo. Na kila shimo lilikuwa na mwenyewe, amesimama pale na watoto wake.

"Siwezi kuonyesha, Monsieur," alisema. "Kuonyesha shimo ni kuonyesha mutu."

Valentin hakuelewa, au alielewa sana. Alifungua kitabu chake, akasema kwamba basi atabaki na maneno ya mwalimu Gustave, yaani kartiye iliuzwa na shefu wake, na jambo hilo litaandikwa na kupelekwa juu, jina na yote. Akamwuliza Shafii kama ana la kusema.

"Andika," Shafii alisema.

Nilihisi damu imenipanda hadi utosini. Nilifungua mdomo. Kiapo au si kiapo, nilikuwa tayari kwenda motoni nikiwa nimesema. Lakini nyuma yangu mtu alinigusa bega ili apite, na mtu huyo alikuwa Mama Kavuo.

Kavuo ni mjane, nyumba yake ndiyo ya mwisho kuelekea kijito. Ni mwanamke asiye na maneno, anauza mboga za lenga-lenga, na katika miaka yote ile hakuwahi kumsema Shafii vibaya. Mimi nilidhani ni kwa sababu hapendi kelele. Alisimama mbele ya Valentin, akafunga kitenge chake vizuri.

"Monsieur, hapana yeye," alisema. "Ye hapana kuuza kitu. Ni miye nilianza. Bwana yangu alikuwa amekufa, batoto balikuwa badogo, na samedi njo siku ya soko. Sikuwa na franga ya faini. Nikang'oa muramura, nikapandisha nyuma ya jiko. Chef akanikuta, jembe mukononi. Akanisalimia, akaniuliza batoto, akapita."

Kavuo alitembea hadi nyuma ya jiko lake, akapiga mguu chini mahali fulani, akasema ulitoka mbele kule na kuja hapa. Kisha akainama, akaanza kulia, na mimi niliyekuwa nimeshiba hasira nikajikuta nimemshika.

Valentin aliandika. Halafu akasema neno ambalo ningemkumbatia kwa ajili yake kama dini ingeniruhusu. Alisema ushahidi wa namna hii anaukubali. Mwenye shimo akionyesha shimo lake mwenyewe, hapo pataandikwa Kyambuli. Asiposema, hapo pabaki Mulesera.

Mwanzoni walitazamana. Kisha baba mmoja, jirani wa Kavuo, akakohoa, akasema na yeye bila shaka aliusogeza kidogo. Wa tatu akakiri. Baada ya hapo ikawa kama soko siku ya kufunga shule. Kila aliyekiri aligeuka kumsukuma jirani yake, maana jirani akinyamaza anaikata kartiye katikati. Mke alimtoa mumewe uvunguni kwa maneno. Mzee mmoja alikiri kwa niaba ya kaka yake aliyehamia Luofu, na alikiri kwa furaha kubwa. Wawili walikaribia kupigana, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyehamisha wa pili baada ya Kavuo, kana kwamba kuna zawadi. Gustave alikuwa anawafuata na kalamu, akichora mistari juu ya kurasa zake, analalamika kwamba historia aliyoiandika ilikuwa na mwizi mmoja tu na ilikuwa inasomeka vizuri.

Akabaki Sadrack. Hoteli yake iko njia panda kabisa, na akinyamaza yeye, msikiti na nyumba yetu na nyumba zote za juu zinabaki kisiwa. Watu walimwangalia. Akafuta jasho na taulo ya vyombo.

"Yangu lakini ilikuwa mbuzi," alisema. "Mbuzi iling'oa."

Valentin alimwuliza kwa heshima kama mbuzi huyo ndiye pia aliyechimba shimo jipya. Sadrack akamwangalia mkewe, na mkewe akaangalia juu ya paa. Basi akasema. Alikuwa ameuhamisha mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ya salongo, mara ya pili kwa sababu jirani yake alimpita akawa amebaki ndani tena, na mara ya tatu kwa sababu alikuwa amezoea. Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kirefu, na hata yeye akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. Alimwendea Shafii, akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

"Chef, tulikusema mubaya," alisema.

"Ndiyo," Shafii akajibu.

Ndiyo tu. Mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba yake miaka yote ile, yenye sehemu ya pikipiki, sehemu ya Beni na sehemu ya shangazi wa bwana harusi, naye akasema ndiyo. Lakini niliona kifua chake kikishuka, kama mtu aliyetua gunia la kakao, na nikaona ndiyo ile ilitosha.

Wazee walikaa hapohapo wakahukumu kadiri ya desturi. Kila mwenye shimo alipaswa kutoa mbuzi, na ikaonekana mbuzi wa Bulengera nzima hawatatosha, kwa hiyo wakakubaliana wachange wanunue mmoja, mnene, Shafii amchinje yeye mwenyewe, ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja. Karatasi za Valentin zilikwenda juu. Huko juu ziko mpaka ninapoandika haya, na bado tunachota maji baada ya mashangazi wa Mulesera, kwa hiyo usiniulize kama kartiye imerudi.

Kabla Valentin hajaondoka, Sadrack, ambaye uenyekiti ulikuwa bado haujamtoka, alitangaza kwamba Kyambuli ikirudi shefu atakuwa Shafii, na watu wakapiga makofi. Shafii alitikisa kichwa.

"Hapana miye," alisema. "Mutafute mwengine. Kartiye yenu ilikufa juu ya ile siku nilisalimia Mama Kavuo nikapita. Ikirudi leo, na kesho nimukute na jembe, nitamusalimia tu, nipite."

Hakuna aliyepiga makofi kwa hilo. Kisha jirani wa Kavuo akamshika Shafii mkono, akamwambia twende tukamtafute mbuzi huyo, maana yeye hajui kuchagua, na wakaanza kushuka kilima, wazee kwa vijana, Shafii katikati na kandambili zake. Sikuweza kumwona vizuri, kwa sababu alikuwa anasimama kila mlango kusalimia. Nilisimama nikilia mbele ya watu wote bila aibu, furaha imenijaa, na hasira kidogo pia, kwa sababu mume wangu alikuwa ametoka nyumbani bila kuniaga.